Kubadilisha Taa Iliyoungua ya Kidhibiti cha Hita Garini

Dereva anayepita Timboroa usiku, mahali palipo zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, haihitaji hita kwa ajili ya kujipasha joto tu. Mvuke wa pumzi za abiria hugusa kioo baridi cha mbele na kugeuka ukungu, naye hulazimika kuelekeza hewa yenye joto kiooni ili auondoe. Iwapo taa inayoangaza kidhibiti cha hita imeungua, hana budi kupapasa gizani. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita takriban mita 22 kila sekunde. Sekunde mbili za kupapasa ni mita 44 za barabara asiyoiona. Makala haya yanaeleza namna ya kubadilisha taa hiyo.

Kwanza, ugonjwa hutambuliwa kabla ya kutafutiwa dawa. Taa ndogo za nje zikiwashwa, zile za dashibodi hupaswa kuwaka pamoja nazo. Zote zikikosa kuwaka, huenda fyuzi imeungua au mwangaza wake umepunguzwa mno. Iwapo ya hita pekee ndiyo haiwaki, aghalabu kosa ni la balbu yenyewe: waya wake mwembamba umekatika baada ya kuwaka na kupoa kwa miaka mingi.

Pili, gari huzimwa na ncha hasi ya betri kufunguliwa, nyaya zisije zikagusana na kuunguza fyuzi. Katika magari yenye mifuko ya hewa ya usalama, husubiriwa dakika kadhaa, na viunganishi vya rangi ya manjano havipaswi kuguswa, kwani kwa kawaida ndivyo vya mifuko hiyo.

Tatu, kidhibiti hufunguliwa. Ingawa magari hutofautiana, katika mengi vitufe vya kuzungusha hung'olewa kwa kuvutwa, kisha fremu ya plastiki hubanduliwa kwa bisibisi iliyofungwa kitambaa. Haraka hapa haina baraka: klipu zilizokaushwa na jua huvunjika upesi. Skrubu zikishatolewa, kidhibiti huvutwa mbele kidogo, bila kuzikaza nyaya zilizo nyuma yake.

Nne, soketi ya balbu huzungushwa robo mzunguko kinyume cha mwendo wa saa, ikatoka pamoja na balbu. Balbu mpya sharti ilingane na ya zamani kwa umbo, volti na wati. Nyingi ni za volti 12 na takriban wati 1.2, yaani mkondo wa ampia 0.1 tu. Kuweka balbu ya wati nyingi kwa tamaa ya mwanga zaidi ni kujitakia madhara, kwa kuwa joto lake huweza kuyeyusha plastiki. Anayechagua balbu ya LED akumbuke kuwa aghalabu huwaka ikiwekwa upande mmoja tu, ikikataa, hugeuzwa.

Hatimaye, betri huunganishwa na taa kujaribiwa kabla ya fremu kurudishwa, ili kazi isirudiwe.

Ni dhahiri kuwa msamiati wa kazi hii upo. Fundi akimwambia mwenye gari kuwa balbu imeungua, wote wawili huelewana. Jukumu la wasomi wa Kiswahili ni kuyaandika maarifa hayo, ili asiyemudu Kiingereza cha vitabu vya magari asiachwe gizani.