Gitega imepata ofisi, Muyinga imezipoteza: nini hasa huhuisha mji?

Januari 2019 Bunge la Burundi lilipitisha sheria iliyoifanya Gitega kuwa mji mkuu wa kisiasa na kuiacha Bujumbura ikiwa mji mkuu wa uchumi. Miaka minne baadaye, Machi 2023, sheria nyingine ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5 na tarafa kutoka 119 hadi 42, mpango ulioanza kutekelezwa baada ya uchaguzi wa 2025. Kwa sheria hiyo ya pili, Muyinga, mji wa kaskazini-mashariki uliozoea kuwa makao ya gavana, umeingizwa pamoja na Cankuzo na Ruyigi katika mkoa mpya wa Buhumuza, na makao ya mkoa huo yakawekwa Cankuzo. Mji mmoja umeongezewa ofisi na mwingine umepunguziwa, yote mawili kwa kalamu ya mtunga sheria. Wengi wameshahitimisha kwamba Gitega itanawiri na Muyinga itafifia. Naona hitimisho hilo limefanywa mapema mno. Ofisi huuinua mji pale tu inapohama pamoja na watu wake na mamlaka yake ya kuamua, na hata hapo mji hausimami bila umeme, barabara, viwanja vyenye hati na soko linalofanya kazi.

Ofisi ya serikali hulisha mji kwa njia mbili. Ya kwanza ni mishahara: mtumishi hupanga nyumba, husomesha watoto, hununua maharage na mkaa hapohapo anapoishi. Ya pili, ambayo wapangaji huisahau, ni wananchi wanaoifuata ofisi hiyo. Tazama nje ya ofisi yoyote ya mkoa asubuhi ya siku ya kazi: kijana mwenye mashine ya fotokopi, mpiga picha za pasipoti, mama anayeuza chai na maandazi, waendesha teksi za baiskeli wakisubiri abiria. Mtu aliyetoka kilimani kwake kutafuta mhuri hunywa chai, hutoa nakala mbili za kitambulisho, kisha hupitia sokoni kununua sabuni na chumvi kabla ya kurudi. Mnyororo huo wote unategemea jambo moja, kwamba mwenye kutia saini yupo. Akiwa anaishi Bujumbura, karani wa Gitega atapokea faili, ataligonga mhuri wa kupokelewa na kulituma kilomita mia moja kushuka milima hadi ziwani. Mwananchi mwenye haraka atalifuata mwenyewe, na pesa ya chai na ya fotokopi ataitumia Bujumbura.

Gitega inalijua jambo hili kuliko mji mwingine wowote wa nchi hii, kwa sababu ofisi zimewahi kuja na kuondoka. Wajerumani walihamishia makao yao ya utawala wa Urundi huko mwaka 1912, na Wabelgiji wakaendelea kuitawala Urundi kutoka hapo, huku mamlaka ya juu ya Ruanda-Urundi yote yakiwa Usumbura. Uhuru ulipofika tarehe 1 Julai 1962, Usumbura, sasa Bujumbura, ndiyo iliyokuwa mji mkuu, na miaka iliyofuata ikavuta kila kitu. Sensa ya 2008 ilikuta watu karibu 497,000 Bujumbura na karibu 42,000 tu katika mji wa Gitega. Pengo la namna hiyo haliwezi kuzibwa na tangazo. Kweli Seneti imehamia Gitega. Lakini ukumbi wa Bunge wa Kigobe, benki kuu, balozi na uwanja wa ndege wa Melchior Ndadaye viko Bujumbura, na hata ikulu mpya ya Ntare Rushatsi, ambayo China iliikabidhi Februari 2019, wiki chache baada ya sheria kupitishwa, imejengwa Gasenyi, pembezoni mwa Bujumbura. Jina la mji mkuu linatosha kupandisha bei ya viwanja. Kujaza mikahawa saa sita mchana kunahitaji watumishi wanaolala Gitega.

Watetezi wa mpango huu watasema mji mkuu haujengwi kwa siku moja, na watatoa mfano wa Dodoma. Mfano ni mzuri, ila unafundisha kinyume cha wanachodai. Tanzania iliamua kuhamia Dodoma mwaka 1973 na kuunda Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu mwaka huohuo, kwa matumaini kwamba kazi ingekwisha katika miaka 10. Miongo minne ilipita wizara nyingi zikiwa bado Dar es Salaam. Muda ulikuwepo tele na haukuzihamisha. Kilichobadilisha mambo ni uamuzi wa Rais John Magufuli mwaka 2016 kwamba serikali ihame kweli: Waziri Mkuu alihamia Septemba mwaka huo, wizara zikafuata, kisha ukajengwa Mji wa Serikali huko Mtumba. Mamlaka ya zamani ilivunjwa mwaka 2017, na wenye viwanja waliokuwa na hati za miaka 33 wakaanza kupewa za miaka 99. Hili la hati halikupigiwa tarumbeta, lakini kwangu ndilo lenye uzito zaidi, maana mwenye hati ndefu huthubutu kujenga ghorofa, na benki humkopesha.

Hapo ndipo huingia hoja ya pili, kwamba serikali itenge maeneo maalumu ya uwekezaji na kuwasamehe kodi watakaokuja. Uingereza ilijaribu dawa hiyo mapema, kuanzia 1981, katika miji iliyokuwa imekufa viwanda na bandari. Aliyejenga ndani ya eneo lililotengwa alisamehewa kodi ya majengo kwa miaka 10 na kuruhusiwa kutoa gharama yote ya jengo katika hesabu ya kodi. Watafiti waliofuatilia waliona kuwa kampuni nyingi zilivuka tu barabara kutoka mitaa ya jirani, na kwamba sehemu ya msamaha iliishia mifukoni mwa wenye ardhi kwa njia ya kodi ya pango kubwa. Mfano mashuhuri ni Canary Wharf, mashariki mwa London. Pamoja na misamaha yote hiyo, mradi ulifilisika mwaka 1992, na treni ya chini ya ardhi ya Jubilee ilipofika mwaka 1999 ndipo mahali hapo palipofikika kirahisi.

Kwetu hoja dhidi ya misamaha ni nzito zaidi. Kodi ya faida nchini Burundi ni asilimia 30, na kumsamehe mtu kodi ya faida kunamsaidia yule tu mwenye faida. Mwenye kiwanda kidogo cha unga huko Gitega anayehangaika na uhaba wa mafuta ulioiandama nchi miaka hii, na anayekosa dola za kununulia vipuri, hana faida ya kusamehewa. Kinachomsaidia ni umeme usiokatika. Na hapa Gitega ina bahati ambayo haizungumzwi vya kutosha: kituo cha umeme wa jua cha Mubuga, chenye megawati 7.5, kiko mkoani humo tangu 2021, na njia ya umeme kutoka Rusumo, bwawa la megawati 80 linalogawanywa kati ya Rwanda, Tanzania na Burundi, inafika Gitega. Na kiwanda hakingoji jina la mji mkuu: kile cha pombe cha Brarudi kilikwenda Gitega miongo kadhaa kabla haijaitwa hivyo.

Anayedhani ofisi peke yake hushikilia katikati ya mji aangalie Bujumbura kwenyewe. Soko kuu liliteketea tarehe 27 Januari 2013. Wizara na benki zilizolizunguka hazikusogea hata hatua moja, lakini wafanyabiashara walitawanyika kwenda masoko ya Ruvumera na kwa Siyoni, na wateja wakawafuata.

Hilo linanirudisha Muyinga, na ndiyo maana sikati tamaa nayo. Mji huu haujawahi kuishi kwa gavana peke yake. Uko kwenye barabara ya Kobero, kituo cha mpakani kinachopakana na Kabanga upande wa Tanzania, na bidhaa nyingi zinazoingia Burundi hutoka bandari ya Dar es Salaam. Tangu mpaka na Rwanda ufungwe tena Januari 2024, mlango huo umezidi kuwa muhimu. Wanaosema mikoa 5 ni nafuu kuliko 18 wako sahihi; nchi maskini haipaswi kulipa magavana 18. Lakini gharama nyingine haikufutwa, imehamia kwa raia: mtu wa Giteranyi, katika mkoa wa zamani wa Muyinga, mwenye shauri la mkoa sasa analipa nauli ya kupita Muyinga mjini na kuendelea hadi Cankuzo. Sehemu ya kilichookolewa irudishwe pale ilipotoka.

Namna ya kuirudisha si ngumu. Majengo ya mkoa wa zamani yafunguliwe kwa huduma zinazomhusu mfanyabiashara wa mpakani: dawati la Ofisi ya Mapato lenye uwezo wa kumaliza shauri, usajili wa biashara, maghala yanayopangishwa kwa bei ndogo. Tarafa ipime viwanja kando ya barabara ya Kobero na kuvitolea hati. Na kwa Gitega, serikali itangaze tarehe ambayo kila waziri na kila mkurugenzi atatia saini faili zake akiwa huko, iitangaze hadharani, na Bunge liulize tarehe hiyo ikipita.