Mchumaji Ataka Nini?



Kule Kisarawe wenye mikorosho huokota korosho zilizokwisha anguka; mwokotaji akifanya haraka, mti haudhuriki. Kwetu sharti mtu apande mkarafuu, achume kabla tumba halijachanua. Tukimlipa kwa kipimo tu, hukimbilia wingi na kuvunja matawi. Nini basi kitampa moyo wa kazi njema?

Swali hili si letu peke yetu. Tangu 1924 hadi 1932 lilichunguzwa katika kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago. Wachunguzi walisema mfanyakazi akisikilizwa hujitahidi, ingawa wengine wameyabisha hayo.

Basi tupime kwa haki, tulipe siku ileile, tumwulize mchumaji kama ngazi ni nzima. Tawi lililovunjika msimu huu halitazaa msimu ujao.