TELA KUUKUU: TULIPE KIASI GANI?



Wenzetu watano wa Kamembe, madereva watatu na akina mama wawili wapishi, wametuletea swali ambalo tumeona lafaa lijibiwe hapa mbele ya wote. Wameona tela la nyumba limeegeshwa nyuma ya ua wa mtu. Tunasema tela la nyumba kwa maana ya lile linalokokotwa na motokaa, ambalo ndani yake mna vitanda, meza na jiko dogo. Wengi hulijua kwa jina la karavani. Nia yao ni kung'oa vitanda, kutoboa dirisha la kuuzia chai na chapati, na kuliweka karibu na mahali ambapo madereva wa malori hungoja kuvuka kwenda Bukavu. Siku za soko litateremshwa Bugarama. Mwenye mali ataka faranga 2,400,000. Fedha ipo, nayo ni akiba ya ikimina ya miaka miwili. Watoe?

Hatuwezi kujibu ndiyo au hapana juu ya kitu ambacho sisi wenyewe hatukukikagua. Lakini njia ya kupima bei twaweza kuieleza, maana tulikwisha kuilipia.

Miaka mingi iliyopita, sisi watatu wa karakana moja tulinunua tela la namna hiyo hiyo mnadani, yaani kwenye cyamunara. Bati lake la nje lilikuwa linang'aa, na ndani palipakwa rangi nyeupe iliyokuwa bado inanukia. Tulishindana bei na mfanyabiashara mmoja mpaka tukamshinda, tukapeana mikono. Juma la pili tulifungua bati la pembeni ili tuweke dirisha. Mbao za ndani zilibomoka mkononi kama mkate uliolowana. Tukanunua mbao. Tukafungua upande wa pili, tukanunua tena. Tulipomaliza akiba tulikopa kwa ndugu, na wake zetu wakaanza kuuliza maswali ambayo hatukuwa na majibu yake. Mwishowe tela lile lilikaa nyuma ya ukuta, mbuzi wakijikinga mvua humo, mpaka tulipoliuza kwa kilo kama chuma chakavu. Mmoja wetu hakusema na wenzake kwa mwaka mzima.

Kosa letu halikuwa kununua kitu kikuukuu. Kosa lilikuwa kuanzia hesabu kwenye bei ya muuzaji. Mtu akitaja 2,400,000 nanyi mkamteremsha hadi 1,900,000, mnarudi nyumbani mkifurahi kana kwamba mmepata 500,000. Hamkupata kitu. Bei aliyoitaja imetoka katika mambo yake: labda alilinunua ghali, labda ana karo ya watoto, labda alikwisha kuweka matairi mapya akakata tamaa. Fedha aliyoizamisha humo twamhurumia kwayo, lakini si juu yetu kumrudishia.

Hesabu huanzia upande wa pili. Tujiulize: tela hili likiisha kutengenezwa, litakuwa na thamani gani? Katika Rusizi, ambayo wazee wengi wangali wakiiita Cyangugu ingawa wilaya ilipata jina lake la sasa mwaka 2006, matela ya nyumba ni machache, kwa hiyo hakuna bei ya soko ya kuulizia. Basi nendeni kwa mafundi wa kuchomea chuma. Waulizeni: chasisi mpya, ekseli moja, magurudumu mawili, sanduku la bati na mbao lenye dirisha la kuuzia, ni kiasi gani mpaka mwisho? Waulizeni mafundi wawili au watatu, wala msitosheke na mmoja. Jibu lao ndilo dari. Hakuna sababu ya kitu kikuukuu kilichotengenezwa kutugharimu zaidi ya kipya kilichoundwa kwa kazi ile ile.

Chini ya dari hiyo huondolewa gharama za matengenezo, na hapa ndipo uongo mwingi hujificha, zaidi ule tunaojidanganya wenyewe. Kwa hiyo ukaguzi ufanywe kwa makini, na ufanywe na mtu ambaye hana hamu ya kulinunua.

Matela mengi ya zamani yameundwa hivi: fremu ya mbao nyembamba, bati jembamba la alumini nje, plaiwudi ndani. Alumini haioti kutu kama chuma, ndiyo maana nje huonekana kuzima miaka na miaka. Lakini maji hupenya kwenye maungo ya bati, kwenye pembe, pembeni mwa madirisha na kwenye tundu la hewa la paa, yakafika kwenye mbao, nazo zikaoza gizani. Kwetu huku mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, na kiangazi halisi ni Juni hadi Agosti tu. Msiende kukagua katika kiangazi. Nendeni mvua ikinyesha, au kesho yake asubuhi. Fungueni kila kabati lililo pembeni, mtie pua ndani. Bonyezeni ukuta kwa kidole gumba, hasa pembe nne na chini ya madirisha, kwani mbao nzima hukataa na iliyooza hubonyea. Mtieni ndani mwenzenu aliye mzito atembee polepole kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma, nanyi msikilize sakafu. Na rangi mpya ndani ya tela kuukuu isiwafurahishe. Mara nyingi imefunika alama za maji.

Kisha laleni chini mtazame chasisi. Igongeni kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia, kilicholiwa na kutu husema kama debe bovu. Inueni gurudumu kwa jeki mlitikise na kulizungusha. Likicheza au likikwaruza, beringi zimekwisha. Tairi lisipimwe kwa meno yake, kwa sababu tela lililosimama halili tairi, lakini mpira huzeeka vile vile. Ubavuni mwa tairi lililotengenezwa tangu mwaka 2000 mna tarakimu nne: 2314 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2014. Likiwa na umri huo, hesabuni mapya.

Juu ya breki hatutaki mchezo. Uso wa Ziwa Kivu uko karibu meta 1,460 juu ya bahari, na Kamembe iko juu zaidi ya ziwa, hali uwanda wa Bugarama ndio sehemu ya chini kabisa ya Rwanda, kiasi cha meta 950. Kwa hiyo kila siku ya soko tela litateremka zaidi ya meta 500, likilisukuma gari linalolivuta. Matela mengi yaliyoundwa Ulaya yana breki inayojikaza lenyewe tela linaposukuma mbele. Fimbo yake ikikwama kwa kutu, hakuna breki. Yale ya Marekani mara nyingi hutumia breki za umeme, na gari linalovuta lazima liwe na kifaa chake. Mwulizeni mwenye mali ni ipi, kisha msimwamini, tazameni.

Jambo jingine ambalo watu hawaliwazi ni mlango. Rwanda, kama Kongo na Burundi, huendesha kulia. Uganda, Kenya na Tanzania huendesha kushoto, na Uingereza vile vile. Tela lililoundwa kwa nchi za kushoto lina mlango upande wa kushoto. Mkiliegesha kando ya barabara yetu, mlango utafungukia malori. Kuuhamisha ni kazi ya seremala na fundi wa bati kwa siku kadhaa. Friji ya gesi na taa za mapambo zisiwashawishi hata kidogo, na mpira wa gesi wa zamani tupeni.

Sasa tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni za kuonyesha njia tu, kila mmoja aweke za kwake baada ya kuuliza. Tuseme mafundi wamesema tela jipya ni 4,000,000. Mbao na plaiwudi 650,000, kuchomea chasisi 250,000, matairi na beringi 280,000, breki 150,000, nyaya na taa 120,000, madirisha na gundi ya kuziba maji 200,000, rangi 100,000, ujira wa mafundi 500,000, kulikokota mpaka karakana 150,000, karatasi 100,000. Jumla ni 2,500,000. Hayo ndiyo tunayoyaona. Kwa yale tusiyoyaona mpaka bati lifunguliwe, sisi huongeza sehemu moja ya tano, yaani 500,000, na kwa tela ambalo limekaa mvuani miaka mingi twaongeza zaidi. Jumla yawa 3,000,000. Toeni katika dari: imebaki 1,000,000. Hiyo ndiyo bei ya juu kabisa ya kulipa, hata kama mwenye mali ataka 2,400,000, hata kama ni mtu mwema, hata kama mwingine anakuja kesho na fedha mkononi.

Wengine watasema: kazi tutafanya wenyewe, tuondoe ule ujira. Hapana, wenzetu. Saa za mwanachama zina bei. Dereva akishinda Jumamosi akipiga randa, hakuendesha. Tena miezi mitatu ya matengenezo ni miezi mitatu ambayo fedha ya kikundi haizai kitu, na kama mmeikopa, riba haingoji rangi ikauke.

Kuna sakafu pia, kama kuna dari. Mkipata mtu wa kununua chuma chakavu na alumini, aseme ekseli, chasisi na bati vyafikia kiasi gani. Hicho ndicho mtakachookoa mambo yakiharibika kama yalivyotuharibikia sisi. Tofauti kati ya sakafu hiyo na bei mtakayolipa ndiyo fedha mnayoiweka hatarini siku ya kwanza. Itamkeni mbele ya wanachama wote wa ikimina, wakisikia wale wasiojua habari za magari, kabla hamjaitoa.

Karatasi twazipitia upesi, ingawa zimewaliza wengi. Namba iliyogongwa kwenye chasisi ilingane na ile iliyo katika kadi ya njano, na jina katika kadi liwe la huyo anayeuza. Kubadilisha jina hufanywa kwa RRA, basi fedha yote isitolewe kabla. Mkiambiwa kwamba kuna tela rahisi ng'ambo ya mto, kumbukeni kwamba Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini hilo halina maana kuwa kila kinachovuka daraja la Rusizi hakitozwi kitu. Tela lililoundwa Ulaya halikuwa mali ya Afrika Mashariki kwa kulala Bukavu. Kaulizeni forodha kwanza juu ya ushuru, na VAT ya asilimia 18 huja juu yake.

Wale wenzetu watano walirudi kwa mwenye mali Jumamosi iliyopita, siku ya mvua, pamoja na seremala wa kukodi. Kidole chake kiliingia ukutani kwenye pembe ya mbele ya kushoto, na sakafu ilibonyea karibu na mlango. Walifanya hesabu yao wenyewe palepale juu ya karatasi, wakaona dari yao haiwaruhusu kupita 900,000. Mwenye mali alicheka, kisha akasema 1,600,000. Mmoja wa wale mama alimwonyesha ile karatasi mstari kwa mstari, wakamshukuru kwa chai, wakaondoka na fedha yao. Tulipokuwa tukienda mitamboni tulipata habari kwamba amewapigia simu, akiuliza kama ile laki tisa ingalipo.