VIPIMO VYA UZAZI CHUMBANI: Bibie kapima, bwana je?

Leo nakuletea ya chumbani, ila si yale uliyoyazoea. Tunapanda uwanda wa Makonde mpaka pale Kitangari, wilayani Newala, ambako kama ilivyo kwingine Bongo hii, ndoa ikimaliza mwaka bila kichanga mawifi wanaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Vijembe vinaanza bombani, vinafuata mpaka shambani kwenye mikorosho. Na anayepigwa vijembe ni mmoja tu, bibie.

Kwa Wamakonde suala la mtoto ni zito tangu enzi. Simulizi yao ya asili inasema mtu wa kwanza alikuwa peke yake porini, akachonga sanamu ya mwanamke, akaisimamisha usiku, jua lilipotoka ikawa mke hai. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa karibu na mto Ruvuma, akafa. Wakapanda juu kidogo, wa pili naye akafa. Wa tatu akazaliwa huku juu kabisa, huyo ndiye akaishi. Ndiyo maana watu wakakaa juu, maji yakiwa shida vilevile!

Sasa siku hizi mambo yamekuja na vijiti. Sisemi kile cha mimba, hicho kila mtu anakijua (na wale wa kuchanganya mkojo na chumvi, sukari au dawa ya meno, jamani, acheni, hakuna kinachopimwa hapo). Nasema kile cha kupima siku ya yai. Kinatafuta kwenye mkojo homoni iitwayo LH, ambayo hupanda ghafla kama saa 24 hadi 36 kabla yai halijatoka. Yai likishatoka linaishi saa 12 hadi 24 tu, lakini mbegu za mwanaume zinaweza kusubiri mwilini mwa mwanamke hadi siku tano. Kwa hiyo zile tulizofundishwa shuleni kuziogopa kama siku za hatari, kwa mwenye ndoa ndizo siku za neema.

Wanaovipenda wana sababu zao, tena nzito. Kwanza ni siri. Mji mdogo kila mtu anamjua mwenzake, ukikaa benchi la kliniki asubuhi, jioni habari imeshafika kwa mama mkwe. Pili, unajipimia wakati wako bila kulipa nauli. Tatu, na hili ndilo linaloniuma, wengi wanapima peke yao kwa sababu bwana kakataa kwenda hospitali.

Lakini kuna waliochoka navyo. Kila mwezi kutazama mstari, kila mwezi roho juu, mapenzi yanageuka ratiba ya basi la Masasi. Bwana anaitwa saa mbili usiku kama anaitwa zamu! Raha inatoka wapi hapo?

Madaktari wao hawavikatai, ila wanavipa kazi ndogo. Kijiti kinakwambia homoni imepanda, basi. Hakikuambii kama yai lilitoka kweli. Mwanamke mwenye ule ugonjwa wa vifuko vingi kwenye ovari anaweza kuwa na LH ya juu muda mrefu, kijiti kikamchekea kila siku bure. Tena vingi vinatakiwa kutunzwa kwenye joto lisilozidi nyuzi 30, sasa kikisafiri juu ya dashibodi ya gari kutoka Dar mpaka kusini, mh!

Kubwa zaidi, kijiti hakioni mirija. Huku kwetu Afrika mirija iliyoziba kwa sababu ya maambukizi ya zamani, kama kisonono na klamidia, ni chanzo kikubwa cha ugumba. Dada anaweza kupata mistari mizuri miaka mitatu mfululizo huku yai na mbegu havikutani hata siku moja. Hiyo miaka ndiyo inayowatia madaktari hofu, maana umri haurudi. Kingine wanachokichukia ni watu kujinunulia vidonge vya kupevusha mayai baada ya kijiti kukataa. Ovari zinaweza kuvimba vibaya, wengine wanabeba pacha wasiotarajiwa.

Vipo na vya damu ya kidole, vya homoni ya AMH, vinavyotangazwa kwenye simu kwamba vitakwambia umebakiza mayai mangapi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 kwa wanawake wa miaka 30 hadi 44 ulionyesha waliokuwa na AMH ya chini walishika mimba sawasawa na wenzao. Pesa ya korosho ina kazi nyingine.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba mtu mzima mmoja kati ya sita hupata tatizo la uzazi maishani, na mwanaume anahusika karibu nusu ya ndoa zenye shida hii. Vipimo vya nyumbani vya mbegu vipo pia, ila vingi vinahesabu tu, haviangalii kama zinaogelea. Na homa kali, malaria mathalani, inaweza kushusha hesabu kwa miezi kadhaa, kwa hiyo kipimo kimoja kibaya si hukumu.

Madaktari wanasema mwaka mmoja wa kujaribu ukipita, nendeni wote wawili. Bibie akiwa na miaka 35 na zaidi, miezi sita inatosha. Anzeni na kituo cha afya, wawaelekeze. Kipimo cha bwana ni rahisi kuliko vyote: ajizuie siku mbili hadi saba, chombo anapewa maabara, na mzigo ufike mezani ndani ya saa moja. Kutoka Kitangari mpaka hospitali kubwa, iwe Ndanda au Mtwara, saa moja haikutoshi, kaka. Utautoa hukohuko, kwenye chumba watakachokuonyesha. Piga simu kwanza uulize siku wanazopima.