Baa ya Muziki kama Mandhari katika "La Vie est belle"

Marafiki wanapokusanyika hapa Machakos kutazama tena filamu za zamani, aghalabu kinachowavuta ni muziki. Ndivyo ilivyo kwa "La Vie est belle" (1987), iliyoongozwa na Ngangura Mweze, mzaliwa wa Bukavu, pamoja na Benoît Lamy. Makala haya yanashikilia kuwa baa katika filamu hiyo si pambo. Ni mandhari inayopima nguvu za wahusika.

Kourou, anayeigizwa na Papa Wemba (1949–2016), anatoka kijijini kwenda Kinshasa kutafuta jina katika uimbaji. Kabla ya kupata jukwaa, anakuwa mtumishi wa nyumbani kwa Nvouandou, mwenye baa ya muziki. Tajiri huyo anamtaka Kabibi awe mke wa pili, naye Kabibi ndiye kipenzi cha Kourou. Hivyo mwenye baa ana kauli juu ya riziki ya kijana na juu ya mapenzi yake.

Anayeitazama mara ya kwanza hucheka na kuitikia rumba. Anayeirudia pamoja na wenzake humwona mtumishi aliyesimama nyuma ya starehe. Si kosa kuyatamani ya kale. Hata hivyo, tujiulize: katika baa zile, nani aliketi, na nani aliosha bilauri?