Hesabu za Chama kwa Lugha ya Python

Karani wa chama cha ushirika huweka katika daftari lake safu ya kilo, safu ya bei na safu ya gharama. Python, lugha ya kompyuta iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum, na ambayo hupatikana bila malipo, hufanya kazi hiyo kwa majina. Kila jina hupewa thamani, nalo huitwa kigeu, kwa kuwa thamani yake yaweza kubadilishwa.

Ichukuliwe kuwa chama kidogo cha walaji pale Upanga kinanunua Kariakoo kilo 100 za mchele, kila kilo shilingi 2600, na usafiri ni shilingi 15000. Karani ataandika hivi:

kilo = 100
bei = 2600
usafiri = 15000
gharama = kilo * bei + usafiri
bei_ya_mwanachama = gharama / kilo
print(gharama, bei_ya_mwanachama)

Nyota ni alama ya kuzidisha, na mstari wa mshazari ni alama ya kugawanya. Amri ya mwisho huonyesha majibu: 275000 na 2750.0. Basi mwanachama atauziwa kilo kwa shilingi 2750. Namba zisitiwe mkato, kwa maana 2,600 itasomwa kuwa namba mbili, 2 na 600.

Hapa inafaa kuwa na hadhari. Alama ya = katika Python haisemi kwamba pande mbili ni sawa. Ni amri ya kukokotoa kilicho upande wa kulia na kukiweka katika jina la upande wa kushoto, nayo hutekelezwa papo hapo. Bei ikipanda, na karani akaongeza mwishoni mstari wa bei = 2800, gharama itabaki 275000 ingawa chama kinalipa 295000. Mchele ukiuzwa kwa bei ya zamani, shilingi 20000 zitapotea katika mfuko wa wanachama.

Kwa hiyo makarani wanashauriwa kubadilisha bei palepale ilipoandikwa kwanza, kisha waendeshe programu upya tangu mwanzo. Na kabla bei haijabandikwa ubaoni, mjumbe wa kamati ya usimamizi aihakiki kwa kalamu na karatasi. Dhamana ya hesabu ni ya chama, wala si ya kompyuta.