Je, Wajua? Kisiki Kinachongoja Maji Yapungue

Ziwa Nzilo, lililo kaskazini mwa Kolwezi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, si ziwa la asili bali ni bwawa, yaani maji ya mto Lualaba yaliyozuiwa kwa ukuta mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilipohitaji umeme wa kuendeshea migodi na viwanda vyake vya shaba. Kituo kilichojengwa hapo kina uwezo wa megawati 108. Eneo hilo ni nchi ya miombo, misitu ya wazi yenye miti ya mbao ngumu, na popote pale maji ya bwawa yanapopanda kabla miti haijafyekwa, msitu huendelea kusimama chini ya maji, umekufa lakini haujaoza.

Sababu yake ni kwamba kuvu, yaani viumbe wa jamii ya ukungu na uyoga wanaoozesha mbao, huhitaji unyevu na hewa kwa pamoja. Kilindini unyevu ni tele ila oksijeni ni haba, na juu kabisa jua la kiangazi hukausha matawi. Ni usoni pa maji tu, ambapo shina huloa na kukauka kwa zamu, ndipo kuvu hupata vyote viwili. Mti basi huliwa kiunoni, sehemu ya juu huanguka, na kisiki kinachobaki huishia karibu na usawa uleule ambao tumbo la mashua hupita.

Mvua za Lualaba hunyesha tangu Novemba hadi Aprili, kisha mitambo huendelea kunywa maji yasiyorudishwa, hata kisiki kilichokuwa mita mbili chini mwezi wa Aprili kikaweza kufika Oktoba kikiwa kimefunikwa kwa kiasi cha kiganja. Hicho ndicho cha kuogopwa, kuliko kile kilichokwisha kujitokeza na mnandi akakikalia. Gome la kisiki hicho kilichofichika limekwisha, ncha imechongoka, mwani wa kijani umekipaka rangi ya maji yenyewe. Mtumbwi wa kasia ukikigusa huyumba tu, lakini mashua ya injini hukatika rafadha au kutoboka, kwa kuwa mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati ya mgongano huongezeka mara nne. Nchini Ghana, mwaka 2006, boti iliyojaa abiria iligonga kisiki katika Ziwa Volta na makumi ya watu wakafa maji.

Kuving'oa visiki vyote si jambo la busara, kwani samaki hula mwani ulioota juu yake na hujificha humo, na ndiyo maana wavuvi huvifuata ingawa hunasa nyavu zao. Lililo jema zaidi ni kuutumia mwezi wa Oktoba, visiki vingi vinapoonekana, kuvifungia vidumu vya plastiki kwa kamba ndefu, ili maji yatakapopanda tena kidumu kielee juu ya kisiki kisichoonekana.